Santuri ya Tonton na Mkeka wa Koko

Siku hizi wapo vijana wanaoisifu santuri ya tonton wangu. Wanaitafuta huku na huku, wanainakili, wanaisikiliza wamefumba macho, halafu wananiambia mimi, niliyeona ilivyopikwa tangu moto unawashwa, kwamba ina atmosphère. Nawauliza, atmosphère gani? Wanasema ya mto, ya ukungu, ya mababu. Nawamiminia chai. Ukungu wanaousikia ni ghala tupu la pamba karibu na bandari. Mto ni beseni la kufulia la mama mdogo wangu, tonton akichezesha maji kwa kiganja. Mababu sijui waliingilia mlango upi.

Wanachokipenda zaidi, wanasema, ni mwisho wa wimbo wa tatu, pale tonton anapoliita jina la mwanamke kwa sauti kubwa na ghala linamwitikia. Wakifika hapo, mimi hutoka nje kuangalia nguo kama zimekauka.

Tonton alikuwa mume wa mdogo wake mama yangu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza santuri za wenzake, éditeur kama tulivyowaita watu wa kazi ile Kisangani. Nisimdhulumu: kwenye kazi hiyo alikuwa na masikio. Orkesta zilikuja kwake kutoka mitaa yote, nyingine zilitoka Banalia na ngoma zao juu ya kamyo, yaani lori, naye alikaa nyuma ya kioo chake, akasikiliza, akanyoosha kidole na kusema, "Coupez." Alipokata, wimbo ulipona. Aliondoa dibaji ndefu, aliondoa salamu za shangazi na wajomba, akabakiza kile kinachoinua watu kwenye viti. Mzee mmoja wa Banalia aliwahi kuja na likembe yake, kile kinanda cha vidole gumba, akaimba nyimbo za kwao tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Tonton alimnunulia soda na kumrudisha. "Papa, hii haichezeki," alimwambia. Na kila mara alipenda kutukumbusha kwamba mtayarishaji ni chumvi, haonekani ndani ya chungu. Laiti angebaki chumvi.

Kilichomharibu ni katoni. Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha chuo kikuu alirudi kwao, akamwachia katoni ya santuri. Humo ndani mlikuwa na wazungu wenye ndevu na magitaa ya mbao, wakilalamika polepole juu ya mito na treni. Tonton alijifungia nazo. Alipotoka, hakutaka tena kusikia rumba. Na kwa bahati mbaya ule ndio wakati Chama kilikuwa kimetuamuru sote turudi kwa mababu. Suti zilivuliwa, zikavaliwa abacost, zile koti za Chama zisizo na tai. Majina ya ubatizo yalitupwa. Shuleni Kabondo, nilikokuwa nafundisha darasa la tatu, tulicheza na kumwimbia Kiongozi kabla ya kugusa hesabu, na watoto walifika kwenye hesabu wamekwisha choka. Tonton akajumlisha yake: akachukua ndevu za wale wazungu, akachukua mababu wa Chama, akachomeka gitaa ya umeme katikati, akaliita jambo hilo "le folk". Na mwimbaji atakuwa nani? Yeye mwenyewe. Alikuwa na sauti ya mtu anayeuliza bei.

Ndevu zilikataa. Ziliota upande mmoja, upande wa pili ukabaki uwanja. Picha ya jalada ilipigwa kwenye maporomoko, juu ya mawe ya wavuvi, tonton kifua wazi, ameshika kile kikapu kikubwa cha kutegea samaki kana kwamba alizaliwa nacho. Mvuvi mwenye kikapu alikuwa amesimama pembeni, nje ya picha, ameshika viatu vya tonton. Tonton hakujua kuogelea, na samaki wa nyumbani kwake walitoka sokoni wakiwa wamekwisha pasuliwa. Sauti ya maporomoko yenyewe alijaribu kuirekodi, lakini kwenye tepu ilitoka kama mafuta ya mawese ndani ya kikaango, ndipo beseni la mama mdogo lilipopata kazi.

Yote hayo tungeyacheka tu, na tuliyacheka. Tatizo ni kwamba wimbo wa tatu alikuja kuuchukua nyumbani kwetu.

Nyumba yetu ya Kabondo tulikuwa watatu: mimi, mama yangu, na koko, mama yake mama. Koko alitoka upande wa Opala, kwa watu wa mto Lomami, safari ya siku mbili kwa baiskeli, au moja kwa kamyo kama kamyo ina huruma. Aliletwa Kisangani akiwa bibi arusi wa mtu aliyefanya kazi kwenye meli. Mume akafa, yeye akabaki. Hakutaka kurudi kwao kuishi, alisema mbu wa kule wana kiburi. Lakini kufa alitaka afe kama mtu wa kwao, na jambo hilo alilisema mara nyingi mpaka mimi nikawa naweza kulimalizia.

Kwa watu wake, kila mwanamke hutunga wimbo wake wa kilio angali na nguvu, akamfundisha binti mmoja. Siku akilala maiti, binti huyo anauimba, na mwishoni analiita jina lote la mama yake, mara moja. Bila jina, ni wimbo tu, unaweza kuuimba ukimenya mihogo. Wimbo pamoja na jina ni kifo. Ndugu yeyote akisikia viwili hivyo, anaacha alichoshika mkononi na kushika njia, na watu wa nyumba ya kaka zake wanakuja na mkeka waliousuka wenyewe kwa majani ya Lomami. Juu ya mkeka huo ndipo maiti hulazwa, na juu yake huteremshwa. Mama ndiye aliyefundishwa wimbo wa koko. Jeneza koko hakuliomba. Nguo hakuomba. "Musiniweke kwa mukeka ya soko," alisema. "Na batu yangu basikie jina." Basi, hayo tu.

Tonton akaja na mashine yake ya kurekodi. Mkwe hakai mbele ya mama mkwe wake, kwa hiyo alisimama mlangoni, koko akakaa chumbani nyuma ya pazia, mama yangu akabaki katikati akipokea maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa wote wawili walisikiana vizuri sana.

"Mwambie mama, minaomba wimbo moja tu. Ya kwao. Ya zamani," tonton alisema.

"Anaomba wimbo," mama aliliambia pazia.

"Mwambie achukue," pazia likajibu. "Lakini jina hapana."

"Sans le nom, bien sûr! Bila jina!" tonton alisema, ameweka mkono kifuani.

Mama aliimba. Koko alimsahihisha mara kadhaa kutoka chumbani, kwa ukali, na tonton akafurahia hata ukali huo. Mama alipofika mahali pa jina alifunga mdomo, kama ilivyo sheria. Tonton akanyoosha kidole chake, akasema "Coupez", akaondoka anabeba mashine kama mtu aliyebeba mtoto wa mfalme.

Kama angeishia hapo, leo nisingekuwa na neno. Lakini alipofika kwenye ghala lake aliona wimbo hauna mwisho. Mtu aliyekula na kuvaa kwa kukata nyimbo za wenzake akashindwa kuvumilia mmoja uliokatwa na wenyewe. Akamuuliza mke wake jina kamili la mama yake. Mama mdogo akampa, bila kuuliza la nini, jinsi unavyompa mume kibiriti. Tonton akasimama katikati ya ghala, akaliita. Jina la mama mkwe wake, lote, tangu la kwanza hadi la mwisho, jina ambalo hata kulinong'ona chooni ni aibu kwa mkwe. Akaliita tena na tena mpaka kuta zikamjibu alivyotaka.

Santuri ilipigwa chapa Kinshasa. Iliporudi alitualika kwake, mama na mimi, tukakaa kwenye makochi yenye vitambaa, akaweka sindano. Gitaa ikaanza, ya umeme, inajivuta. Beseni likafuata. Sauti ya mama yangu ikatokea mbali kama imetumbukia kisimani. Halafu tonton akaliita jina.

Mama aliweka glasi yake chini.

"Umemuua mama yangu," alisema.

"Mais non, mama! C'est un hommage. Sisi bote tunarudia majina ya bankoko, ya mababu, hata ku bureau banaita. Mi naitaga ya kwake kwa heshima."

"Toa jina."

"Disque ni disque, mama. Iko tayari. Haitokake."

Mama alirudi nyumbani bila kula. Njiani alijituliza kwa swali moja: nani atasikiliza kitu kama kile? Na kwa muda fulani ilionekana Mungu amemjibu. Baa ya kwanza iliyoiweka, wateja walidhani mashine inaumwa. Kwenye baa ya pili mtu aliuliza kama umeme umepungua. Mwenye baa alimrudishia tonton santuri yake kwa mikono miwili, kwa adabu, akamwambia haina ambiance. Katoni zikabaki chumba cha nyuma kwa mama mdogo, kuku wakatagia juu yake. Tonton alisema Kisangani bado haijawa tayari kwake. Sisi tulifikiri Kisangani imefanya jambo la maana.

Ila kulikuwa na mahali pamoja palipohitaji muziki usiochezeka. Redio ya mkoa ilisoma matangazo ya vifo kila jioni, na baada ya kusoma walikuwa wanatafuta kitu cha polepole cha kuwekea pale. Tonton alimpelekea mtangazaji santuri mwenyewe. Mtangazaji akaipenda. Basi kila jioni, wafu wa mkoa mzima wakiisha kutajwa, gitaa ya tonton ilianza, beseni likamwagika, mama yangu akalia kisimani, na jina la koko likatangazwa kutoka Kisangani hadi kila kijiji chenye redio. Tonton alitoa kiti nje na kuongeza sauti ili majirani wajue. Mama alikwenda kumwomba awaambie redio waache. Alisema ndiyo. Hakuwaambia. Pale ndipo mahali pekee alipokuwa msanii, angewaambiaje?

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa kwenye salongo, mtaa mzima barabarani na majembe, tunakata majani kwa amri. Ndipo tukasikia vilio vinakuja kutoka upande wa mto. Kundi la watu, wanawake mbele wamejipaka majivu, wanaume nyuma wanasukuma baiskeli zenye mihogo na samaki wa moshi, na katikati mwanamume mwenye mvi ameweka mkeka uliokunjwa begani. Majirani waliangusha majembe mara moja, maana nani ataendelea na salongo mbele ya msiba? Mkubwa wa Chama wa mtaa wetu alipiga filimbi, akaona anaipiga peke yake, akafuata naye. Wote wakaingia uani kwetu.

Koko alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya mbika, zile mbegu za maboga. Uzee ulimsamehe salongo.

"Nani alikufa?" aliuliza.

Kilio kilikatika. Mwenye mvi, ambaye alikuwa mtoto wa kaka yake, alitua mkeka, akamsogelea, akamgusa mguu kwanza.

"Weye," alisema. "Weye njo ulikufa, mama. Tulisikia ndani ya redio."

"Redio ilisema nini?"

"Wimbo. Na jina."

"Jina nani aliita?"

"Mwanaume."

Koko aliweka chini sinia ya mbika. Kufa hakukumuudhi, naweza kuapa. Kilichomuudhi ni mdomo uliotumika kwa kazi ile. "Mukwe yangu aliita jina yangu?" alisema. "Yote?" Na uani kote wanawake wa Opala wakashika vinywa.

Ndipo mkwe mwenyewe akatokea getini, amesikia habari, mashine begani. Aliona majivu, akaona machozi, akaona watu wamejaa, na uso wake ukang'aa. "Ba mama, formidable!" alisema. "Munaweza kulia tena kidogo? Kule, karibu na ukuta?"

Mwenye mvi alimtazama kutoka ndevu hadi viatu, halafu akamuuliza mama yangu, "Huyu njo mwenye sauti?"

"Njo yeye."

"Anaitaga mama mukwe na jina, na iko anasimama tu?"

Tonton akaanza kueleza le folk. Nilitamani ardhi immeze, na ardhi ya Kabondo, iliyokuwa ikimeza hata magurudumu ya kamyo, siku hiyo ilikuwa kavu.

Tulipika. Watu waliokuja kuzika walikula na maiti, wakacheka naye, na koko alifurahi kuliko nilivyopata kumwona, akiuliza habari za huyu na yule na kuwatukana mbu wa kwao. Lakini kila mara jicho lake lilikwenda kwenye mkeka. Walikuwa wameuegemeza ukutani bila kuufungua, na hakuna aliyekaa karibu nao. Mwishowe aliomba aguse. Mwenye mvi akasita, kisha akamsogezea ukiwa umekunjwa vile vile. Koko alipitisha kidole kwenye ukingo wake, polepole, kama mtu anayekagua pindo la nguo sokoni.

"Huku pembeni iko ya kulegea," alisema.

"Tulifanya haraka, mama."

"Muende mukaze."

Walicheka wote, na mimi nilicheka. Mkeka wa kifo haulali mahali ambapo mwenyewe bado anapumua, kwa hiyo jua likiwa bado juu walijipanga kuuvusha mto, wakalale nao ng'ambo. Kabla ya kuondoka, mwenye mvi alisimama katikati ya ua na kusema maneno ambayo wote tuliyasikia. Tonton pia aliyasikia, alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu pale getini, anakunja waya za mashine.

"Toka leo," alisema, "ile gitaa ikianza, tunafunga redio. Mawe ya redio, ile betri, iko bei. Siku mama atakufa kweli, mutume mutu. Ao redio iseme kavu. Bila gitaa, bila wimbo. Kavu, tunakuja."

"Kavu," mama yangu alirudia, akimtazama tonton.

"Oui, oui. Kavu," tonton alisema.

Redio iliendelea kupiga santuri. Tulizoea, kama unavyozoea mlango unaolia. Jioni zikaja na kwenda, jina likaitwa, koko akainua kichwa kutoka kwenye sinia yake na kusema, "Niko," akaendelea kumenya. Watoto wa mtaa waliijua ile gitaa kuliko nyimbo za Kiongozi. Waliivumisha puani wakienda kuteka maji.

Koko alifariki msimu wa mvua, asubuhi, baada ya kulalamika kwamba chai haina sukari. Nilikuwa nimekwisha kuongeza mara mbili. Nilipogeuka kuchukua bakuli la sukari tena, alikuwa ameinamisha kichwa, na mama akakipokea kikombe kutoka mkononi mwake kabla hakijaanguka.

Friji ya hospitali ilikuwa inafanya kazi wiki ile, jambo la kushukuru. Walituambia wanaweza kumshika siku tatu. Siku tatu zilitosha, kama watu wa Opala wangesikia jioni ile ile na kupanda baiskeli alfajiri. Tulimtafuta pia mtu wa kutuma. Mwanamke mmoja mfanyabiashara wa mchele alikuwa anaelekea kule, lakini kamyo yake ilikuwa inangoja mafuta, na hakuna aliyejua mafuta yanangoja nini. Tukabaki na redio. Na aliyejuana na watu wa redio alikuwa tonton.

Mama alimshika mkono, yeye ambaye hakuwa akimgusa. "Kavu," alimwambia. "Unasikia? Jina yake, alikufa leo, bakuje. Basi. Gitaa hapana."

"Mama, naelewa. Nilikuwa pale."

Alikuwa analia, tonton. Nilimwona. Alimpenda koko kwa namna yake, na labda hilo ndilo lililotumaliza.

Jioni tulikaa uani kuzunguka redio, majirani nyuma yetu. Mtangazaji alisoma wafu wa siku ile, mmoja mmoja, kwa Kifaransa na Lingala na Kiswahili. Halafu gitaa ikaanza.

Gitaa ya tonton. Alikuwa ameiacha itangulie, ipande taratibu, beseni likaingia, ndipo juu yake, laini, bila kugongana na chochote, sauti ya mtangazaji ikatokea kusoma kwamba koko amefariki leo na ndugu zake wa Opala wanaombwa wafike upesi. Nisimdhulumu tena: ilikuwa kazi safi. Kila neno lilisikika. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya nyuma ya kile kioo, na aliifanya kwa ajili ya masikio ambayo, kule Opala, yalikuwa yamekwisha fungwa.

Mama alisimama. Hakungoja tangazo liishe. Alikuwa anaiona, naamini, ile mikono ya kule ikizungusha vifungo vya redio, mmoja baada ya mwingine, ili kuokoa mawe.

Tonton alifika kutoka redioni amevaa abacost nyeusi, anatweta. "Mulisikia?" aliuliza.

"Nilisema kavu," mama alisema.

"Kavu ilikuwa inakosa heshima, mama. Alikuwa mama yangu pia. Tangazo kavu ni kama ya ng'ombe kupotea. Nilimuwekea atmosphère."

Mimi nilimjibu, na majirani wakanivuta ndani. Namchukia mtu ambaye unamwomba maji naye anakuletea maji yaliyotiwa maua. Namchukia mpaka leo, na amekwisha kufa, na wala sioni aibu kuandika hivyo.

Kesho yake tonton alikimbia redioni alfajiri ili tangazo lisomwe tena, kavu. Jioni tulizungusha kifungo tukapata mvumo tu. Mashine ya umeme ya redio ilikuwa imeishiwa mafuta, na kituo kilikaa kimya jioni hiyo na iliyofuata. Tonton alisimama nje ya jengo lile hadi giza likaingia, mke wake ndiye aliyekwenda kumchukua.

Siku ya tatu hospitali ilituita. Nilikwenda sokoni mwenyewe kununua mkeka. Nilichagua mzuri, wenye mistari miekundu, muuzaji akaniuliza ni wa mgeni au wa watoto. Tulimlaza koko juu yake. Kaburini mama aliimba wimbo wa mama yake, safari hii wa kweli, na alipofika katikati nilisikia nyuma yetu watoto wa mtaa wanavumisha ile gitaa puani, kwa nia njema kabisa, wakidhani ndivyo wimbo unavyokwenda. Mama hakuwazuia. Alifika mwisho, akaliita jina. Tulikuwa wengi pale, watu wa Kabondo, walimu wenzangu, wanawake wa kanisa. Hapakuwa na hata mmoja ambaye jina lile lilikuwa linamwita.

Kamyo ya mchele ilipata mafuta yake. Yule mwanamke alifikisha neno, na watu wa Opala wakaja, wachache, bila majivu na bila kulia barabarani. Kilio chao walikuwa wamekwisha kukitumia siku ya salongo. Mwenye mvi alikuwa na mkeka begani. Mama akaanza kumweleza.

"Tulisikia gitaa," mwenye mvi alimkatiza, bila hasira. "Tukafunga."

Tulikwenda kaburini pamoja. Tonton alikuja pia, nyuma kabisa, mikono mitupu. Mama mdogo alikuwa ameifungia mashine chumbani na ufunguo ameuweka kifuani mwake. Hakuna aliyemfukuza tonton na hakuna aliyempisha. Udongo ulikuwa bado laini, mvua imeuchimba vijito. Mwenye mvi aliinama, akaufungua mkeka kwa mara ya kwanza mbele yetu, akautandaza juu ya kaburi, akaupangusa kwa kiganja. Mama akaimba tena, kwa sauti ndogo, na akaliita jina, na wale watu wachache wakaitikia.

Halafu mwenye mvi akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ukingo, upande huu, upande ule, mpaka akauzunguka wote.

"Alisema pembeni iko ya kulegea," alisema. "Tulikaza."